Bwana Harusi wa Nzega

Ipuli, Tabora

Mdogo wangu Elieth,

Huku hatujambo, natumaini nawe huko Igunga hujambo. Uliniomba ushauri wa picha za harusi. Pigeni saa kumi jioni, jua likishapoa, na mpiga picha wenu alione kanisa mapema.

Lakini picha ya mchumba wako uliyonitumia imenimaliza nguvu. Mwaka jana nilimpiga picha bwana huyohuyo akifunga ndoa Nzega. Sikuamini macho yangu, nikampigia simu mkewe, Recheli.

“Masolwa yuko Igunga,” akaniambia, “anatujengea nyumba. Mwezi ujao tunahamia, mimi na mtoto.”



Picha zao nimezitia humu. Zitazame ukiwa umeketi, kisha panda basi uje. Mama ameshatandika kitanda chako.

Kaka yako,
Nestory