Binti wa Kwenye Kompyuta

Mwanza, 14 Machi 1999

Mayu mpendwa,

Mwangaluka, mayu. Mimi mzima, hofu ni juu yako na magoti yako. Mvua imefika Bariadi?

Hapa dukani tunapochapia watu barua, tajiri ameleta kompyuta yenye mchezo. Jioni wateja wakiisha ananiruhusu kuucheza. Si wa risasi, ni hadithi: mama kamfukuza binti yake, binti katoweka, na mimi ndiye huyo mama. Naingia chumba hadi chumba nikitafuta alama zake. Nakuta kitana chake, gauni lake la shule, na machozi yananitoka kweli. Sasa nimekwama. Nyumba nzima nimepekua, hayupo. Wewe ungetafuta wapi?

Najua ulikataza mdogo wangu Scola asitajwe kwenye barua zangu, tangu alipokataa ile ndoa na kutoroka, ng'ombe wa watu wakarudishwa. Kwa hiyo simtaji.

Mwanao,
Danford

Bariadi, 2 Aprili 1999

Mwanangu Danford,

Tumsifu Yesu Kristo. Magoti yapo, yananifikisha shambani. Mvua imenyesha, pamba imefunga vitumba.

Mtu mzima na ndevu zako unalilia kompyuta! Ndiyo maana huoi. Na umemtaja, nimekuona.

Ila umetafuta kiume, mezani na kitandani. Angalia stoo. Unakumbuka mwaka ule ushirika ulivyochelewa kuchukua pamba, ikajaa hadi darini? Mdogo wako alijichimbia humo, tukamtafuta kutwa nzima, marehemu baba yako akalia mbele za watu. Chafya ndiyo iliyomtoa. Siku hizi wanunuzi binafsi wanaigombania pamba hata haijakauka, stoo inabaki tupu. Nikipita hapo naisikia ile chafya.

Mama yako

Mwanza, 25 Aprili 1999

Mayu,

Shikamoo. Sijambo, naamini nawe hujambo.

Alikuwa stoo! Nyuma ya magunia. Kompyuta ikanipa maneno ya kuchagua, nikachagua "Kwa nini uliondoka?" Akanitazama, akafifia, kioo kikawa cheusi. Nikaanza upya hadi nikamfikia, nikachagua "Umetuaibisha." Akafifia upesi zaidi. Imebaki nafasi moja tupu, ya kuandika maneno yako mwenyewe.

Niandikie wewe, mayu. Nitakayopata kwako ndiyo nitakayoweka.

Danford wako

Mwanza, 20 Juni 1999

Mayu,

Shikamoo. Unaumwa? Sijapata barua yako tangu Aprili. Kama nimekukosea, nisamehe. Mchezo sijaumaliza, nasubiri maneno yako.

Mwanao,
Danford

Bariadi, 11 Julai 1999

Danford,

Siumwi. Nilikuwa nachuma pamba na kuwaza.

Anatoli, dereva wa lori la pamba, aliingia dukani kwenu kuchapisha karatasi zake. Akamwona Scola ameketi bega kwa bega nawe, mnakodolea kioo. Mimi si mtoto, mwanangu. Nilikasirika hadi mboga zikaungua. Halafu nikajiuliza, ni binti gani huyo anayekaa kila jioni akijifanya mama anayemtafuta mwanaye? Nikalia kama baba yako alivyolia.

Andika hivi: "Chakula kipo, njoo ule." Mengine yote nimeyaandika na kuyafuta. Wale ng'ombe walikuwa wa watu. Huyu ni wangu.

Mpe barua hii aisome mwenyewe.

Mama yako

Bariadi, 8 Agosti 1999

Mwanangu Danford,

Mwangaluka. Sisi hatujambo, na nimeandika "sisi" makusudi.

Amefika Alhamisi na basi la jioni. Maneno yale niliyoyafanyia mazoezi jikoni yaliniruka yote. Nilipomwona mlangoni nikafoka, "Mbona umekonda hivi?" Uso wake ukabadilika, nami nikakumbuka kile kioo chako kinavyozima. Niliogopa, Danford. Nikafumba macho.

Nilipofumbua alikuwa bado pale, anavua viatu, anauliza mboga ni nini.

Mayu wenu