Karanga za Mbegu Mjini Roma

Mama Zuhura wangu,

Anayekusomea kadi hii asiongeze neno lake. Mimi mzima, ila baridi inanitesa.

Bwana ninayempikia tangu Nachingwea amenileta Roma kuona magofu haya ya pichani. Alinihadithia mwaka wa mia nne na kumi wa Kizungu, hata Mtume hajazaliwa. Mkubwa aliyeitawalia Roma upande wa Afrika alizuia meli za ngano, mji mzima ukalala njaa, na mwishowe Wagothi, watu wa vita kutoka kaskazini, wakaingia wakapora.

"Kumbe nao walikula kwa jembe la Afrika," nikamwambia. Bwana akaendelea kutembea. Nadhani alikumbuka mashamba ya karanga yaliyowashinda Wazungu wenzake huko kwetu.

Mama mmoja muuza mikate aliniona nimeshika zile karanga ulizonifungia kwenye kipande cha kanga yako. Akaninyooshea mkate tubadilishane. Njaa ilikuwa inaniuma, lakini nikatikisa kichwa. Ningemwelezaje kwamba mbegu hailiwi, na kwamba msafiri aliyefungiwa mbegu na mkewe sharti arudi aipande mwenyewe?

Natamani ming'oko yako ya moto, ile unayoichimba porini, hata moshi wa jiko lako uniwashe macho. Watu wa hapa waliingoja meli itokayo Afrika. Mimi naingoja iendayo.

Mvua ikinitangulia hapo Ruponda, panda shamba lote, ila tuta la karibu na mlango liache wazi.

Wako,
Baba Zuhura