Koa Tisa kwenye Konde la Mawe

Kwako mdogo wangu Fachtna,

Salamu kutoka huku Kerry, ambako mvua haijakatika tangu Jumapili. Mimi ni mzima, ni goti tu linalonisumbua. Natumaini wewe na mkeo mko salama huko Boston, na natumaini pia kwamba barua hii itakuudhi, maana umeniudhi mwaka mzima.

Lile konde la mawe uliloachiwa na baba unataka kuliuza zijengwe nyumba sita za wageni wa kiangazi. Hukuniuliza. Habari nilizipata dukani kwa Jeremiah, aliyenipa hongera akidhani na mimi nina fungu langu. Nilimwambia hongera hizo ampelekee paka wake.

Sababu ya kukuzuia nilikuwa nayo, ila nilikatazwa kuitamka. Kwa hiyo nikatafuta nyingine. Nikamkumbuka koa wetu, yule konokono asiye na nyumba mgongoni, ambaye sheria inamlinda. Akionekana mahali, matingatinga husimama mpaka wataalamu waamue. Basi nikaenda msituni na kopo la siagi, nikaokota tisa kwenye magome ya mialoni, nikawaweka juu ya mawe ya konde lako, kisha nikatoa taarifa kwamba nimewaona. Mwanamke wa miaka sabini na moja, nimepiga magoti kwenye matope kwa ajili ya ubishi wako.

Usimcheke koa. Ana pembe nne, na macho yake yako kwenye ncha za zile mbili ndefu. Hupumua kwa tundu moja lililo ubavu wa kulia. Kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja, hivyo hakuna kaka wa kuchukua ardhi yote. Hujinyoosha akawa mwembamba kama kamba ya kiatu, akapenya kwenye ufa wa jiwe, na ukimgusa hujikunja akawa mpira. Koa wa bustanini hawajui kufanya hivyo. Chakula chake ni ule ukoga unaoota juu ya mawe na magome. Kabichi ya mtu haigusi.

Mtaalamu alikuja Jumanne, binti mmoja aitwaye Ríona, mwenye buti za kufika mapajani. Aliwaona koa mara moja, akafurahi, kisha akainama kuwatazama vizuri. Akaniuliza, "Mama, hawa umewatoa msitu gani?" Nikamjibu sijui anasema nini. Akasema wa msituni huwa wa kahawia wenye madoa ya manjano, na wanaokulia kwenye mawe ya wazi huwa weusi wenye madoa meupe, na hapa kuna tisa wa kahawia peupe kabisa, labda wamekuja kwa basi. Maisha yangu yote nimewaona wa aina zote mbili, nikidhani ni rangi tu, kama ng'ombe. Alipekua konde lote asipate hata mweusi mmoja, maana moto ambao wewe uliagiza uwashwe Machi kuchoma vichaka uliunguza na ukoga wa mawe. Akaniambia kuwahamisha bila kibali ni kosa, akawarudisha msituni mwenyewe. Ataandika kwamba konde halina koa. Umeshinda, Fachtna.

Sasa navunja kiapo nilichomwapia mama. Nilikuwa na miaka minane ulipozaliwa. Mlizaliwa wawili. Wa kwanza alikuwa msichana, akafa kabla padri hajafika kumbatiza, na asiyebatizwa hakuwa na nafasi kwenye makaburi ya kanisa. Baba alimlaza ndani ya sanduku la siagi, akambeba hadi konde la mawe, walikolazwa watoto wengine kama yeye, akamwekea jiwe lisilo na jina. Koleo nililibeba mimi. Mama aliniapisha nisikwambie kamwe, usije ukakua unajilaumu kwamba wewe ndiye uliyebaki. Nimekutunzia hilo kwa miaka sitini na mitatu, na nimechoka nalo. Nakuchukia kwa kunilazimisha kuliandika.

Jiwe lake ni la tatu kutoka ukuta wa konde. Msalimie mkeo, na watoto uwaambie shangazi yao anawakumbuka. Siku tingatinga litakapokuja, njoo nalo. Safari hii koleo ulibebe wewe.

Mimi dada yako mkubwa,
Gobnait