Jemadari Uliyemkalisha

Kaka Gwamaka,

Ugonile. Mvua ya huku haijabadilika. Waliobadilika ni watu, na wewe ulitangulia.

Unaikumbuka kompyuta ya mtumba ya Mama Zuhura, pale Makandana, aliyokuwa akichapia barua za watu? Ikikosa kazi alituachia tucheze ule mchezo wa wafalme wa zamani. Wewe ulishika kipanya, mimi kamusi, maana Kiingereza chako kilikuwa cha kusalimia tu. "Mfalme wenu akifa mniambie," Mama Zuhura alikuwa akisema, "nina barua ya mtendaji hapa."

Kila jemadari alikuwa na picha yake, na chini ya picha sifa zake. Wawili walianza sawa kabisa. Mmoja ulimpenda kwa sababu ya ndevu, ukampeleka kila vita. Mwingine ukamwacha mjini. Ikapita miaka michache ya mchezo: mwenye ndevu akaandikwa shujaa, wa mjini akaandikwa mzembe, halafu mlevi.

"Si unaona? Huyu kazaliwa bwege," ulisema.

"Hakuzaliwa hivyo, kaka. Umemkalisha."

"Wewe soma kamusi, bwana."

Baba alipofariki, wazee wa ukoo waliuliza kwenye matanga nani abaki kijijini na mama, migomba na chai. Mfukoni nilikuwa na barua ya kuitwa chuo cha ualimu. Ulijua, uliifungua kabla yangu. Ukasimama, ukasema, "Mdogo wangu ana moyo wa kukaa. Mimi wangu ni wa kutembea." Mkubwa akishasema mbele ya wazee, mdogo humeza mate. Nikameza. Ukimya wangu ukawa ndio ushahidi wako.

Krismasi ile uliyokuja na viatu vya ngozi, ulinikuta kilabuni saa nne asubuhi. Ukamwambia mke wangu, "Ndivyo alivyo huyu, tangu utoto." Kaka, nakunywa, sikatai. Lakini utotoni nilikunywa maziwa.

Sasa umeandika kwamba unataka kumchukua mwanangu Atupele akasome kwako Dar kwa kuwa ni mchangamfu, na pacha wake, Tumpe, abaki kumsaidia bibi kwa kuwa ni mtulivu. Nilimwangalia Tumpe siku nzima. Ni mtulivu kwa sababu mwenzake akienda kucheza, yeye ndiye tunayemtuma maji. Nimeligundua hilo juzi, kwa aibu, nami ndiye baba yao. Tangu jana maji anachota Atupele, na nadhani kelele zake mnazisikia huko huko.

Basi sikupi mmoja. Watakuja wote wawili, au hatakuja yeyote. Usiwapigie simu wazee, nijibu mimi.

Mama nitabaki naye mimi. Safari hii nimesema mwenyewe.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Suma