Maswali Matatu Yenye Jibu Moja

Ikonge,
Nyamira.
Jumapili, 14 Septemba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Roselyne,

Hujambo huko Minnesota? Shemeji Nyamongo hajambo, na watoto, na lile goti lako linaloanza kulalamika hata kabla ya baridi kufika? Sisi huku tu wazima. Mama kikohozi kimemwacha, sasa amerudia ugomvi wake na kuku wa jirani. Mvua ya alasiri haijakosa, majani chai yanakuja kwa wingi, na ndizi za kule mtoni zimezaa hadi tumezikatia miti ya kuzishikilia.

Najua umeshangaa kupata karatasi zama hizi. Lakini nimekupigia simu tangu mwisho wa Julai na hushiki. WhatsApp naona alama mbili za buluu, kisha kimya. Nikasema barua haiwezi kukatwa. Binti ya mzee Omwenga, yule muuguzi, anarudi huko Alhamisi, ndiye anayekuletea hii pamoja na kilo mbili za unga wa wimbi. Usimpe mtu huo unga.

Tena nimeandika kwa Kiswahili, usinicheke. Ekegusii mimi na wewe tunakiongea tu, kukiandika kunanitoa jasho. Halafu nafanya mazoezi. Dadako ni mtahiniwa wa KCSE! Ndiyo, mimi, mama wa watoto wanne, miaka arobaini na sita. Nilijiandikisha mapema mwaka huu na sikukwambia kwa kuogopa kuaibika nikikwama njiani. Tuko watu wazima tisa darasani, magoti yanagonga madawati. Obwocha wangu aliposikia aliniuliza, "Sasa utapika ama utasoma?" Nikamwambia nitasoma mimi, atapika yeye. Ugali wake una madonge lakini tunaumeza.

Nadhani hujasahau kwamba niliacha shule kidato cha pili, baba alipofariki. Ulipofika madarasa niliyoyakosa, ulikuwa ukirudi jioni unanifundisha ulichosoma siku hiyo, tukiwa kwenye foleni ya kupimiwa majani chai. Watu walituona wendawazimu. Elimu hii ninayoimalizia sasa, mwalimu wangu wa kwanza ni wewe.

Ndiyo maana nitakwambia waziwazi. Nyamongo alinipigia Julai akaniambia umeanguka mtihani wa uraia. Yeye na watoto walishavuka, umebaki wewe. Akasema umepewa tarehe ya pili, mwishoni mwa Oktoba, na ukiikosa hiyo unaanza safari nzima upya. Na kwamba wewe umesema hutaenda.

Nikamwuliza uliangushwa na nini. Akasema ni maswali ambayo huko hata watoto wa nasari wanayajua: mji mkuu wa Marekani ni upi, rais wao wa kwanza ni nani, na ni nani anayeitwa baba wa taifa lao. Ulimtazama yule afisa, mzee mwenye mvi, ukainamisha kichwa, ukanyamaza. Baada ya hapo ukababaika hata kwa mengine. Nyumbani ukasema ulisahau.

Hilo neno "nilisahau" lilinikosesha raha, Roselyne. Wewe usahau? Wewe uliyekariri mito ya Afrika yote ukiwa na gunia la chai mgongoni? Na nikuungamie: nilikasirika. Nilidhani umezembea kusoma, wakati mimi hiyo nafasi naitafuta kwa tochi. Nisamehe, sikuwa najua.

Basi mwezi wa nane tukafika Amerika katika somo la historia, na mimi nikaingia na masikio mawili, langu na lako. Maswali niliyo nayo ni mengi kuliko majibu. Wewe unayeishi huko nieleze: inakuwaje mtu apate kura nyingi kuliko mwenzake halafu ashindwe? Mwalimu Anyona amewachora ubaoni wale wajumbe wa majimbo mara tatu. Nimekariri, lakini kuelewa sijaelewa. Huku kwetu barabara zingekuwa zimefungwa kwa mawe.

Siku nyingine akatuletea nyimbo kwenye simu yake. Si za mtihani, alitaka tu tuzisikie. Zilikuwa za watu weusi waliolima pamba utumwani. Mmoja anatoa, wengine wanapokea, mkono unafuata. Nikatazamana na Edinah, tunayechuma naye chai. Ndivyo tunavyoimba sisi shambani. Nimejiuliza tangu siku hiyo: walivuka bahari na namna hiyo ya kuimba, au kila mwenye kazi ndefu huivumbua mwenyewe? Na je, watoto wako wanafundishwa nyimbo hizo shuleni, au wanakutana nazo redioni tu? Waulize, uniandikie.

Akatusomea pia masimulizi waliyoyaandika waliokuwa watumwa. Kulikuwa na majimbo ambako sheria ilikataza kuwafundisha kusoma, wakajifunza kwa kujificha. Mimi niliyekuwa nalalamikia dawati niliona haya. Lakini kilichonishika zaidi ni majina. Mtu alinyang'anywa jina la kwao akabandikwa alilotaka bwana wake, na leo kitukuu wake anatembea nalo. Mwalimu akasema wengi wanaobeba jina la ukoo la rais wa kwanza wa Marekani ni watu weusi. Mimi, mwenye kutaka kujua kila kitu, nikainua mkono nikauliza huyo rais wa kwanza ndiye nani.

Akaandika ubaoni: George Washington. Akaongeza kwamba ndiye wanayemwita baba wa taifa, na mji mkuu wameupa jina lake.

Maswali matatu, jibu moja. Na jibu lenyewe ni jina la marehemu mzee Washington Nyakundi, baba yake Nyamongo, mkweo!

Nilicheka, Roselyne. Nilicheka hadi Mwalimu Anyona akaweka chaki chini. "Mama Cynthia, nini inakuchekesha na mtihani iko karibu hivi?" Lakini kicheko kilikuwa kimeshageuka machozi.

Miaka kumi na tisa ya ndoa na hujawahi kulitamka jina hilo. Ni chinsoni, ile heshima tuliyolelewa nayo: mke wa mwana hataji jina la baba mkwe, awe hai, awe kaburini. Sasa hata nakumbuka mlipotembelea ule mji, ulituandikia tu kwamba mmekwenda kuona nyumba ya rais. Majibu ulikuwa nayo yote. Ulisoma kwa macho kwenye simu, na macho hayana chinsoni. Kisha siku ya siku ukakuta ni kwa mdomo, na aliyeketi mbele yako ni mzee mwenye mvi. Nyamongo naye hukumweleza kwa sababu hata kueleza kungekulazimu kulitaja. Na yeye atajuaje? Kwake huyo alikuwa tata, baba yake, basi.

Nilitaka kukupigia siku hiyo hiyo nikuamuru uliseme. Halafu nikaona si mahali pangu. Fundo kama hili halifunguliwi na dada, linafunguliwa na wenye mji. Kwa hiyo Jumatano nilikatiza kuchuma majani chai mapema, nikabeba mkungu wa ndizi, nikaenda Nyamache kwa mama mkwe wako.

Nilimkuta mama Nyakerario anachambua mboga za chinsaga. Nilianza mbali sana, nikasifu mahindi yake, nikauliza ng'ombe, hadi akaniuliza, "Ni nani amekufa?" Nikamwambia hakuna aliyekufa. Nikamweleza yote, na mimi nikisema "jina la mzee" tu bila kulitaja.

Aliyaweka majani kando. Kisha akauliza, "Mtoto wangu ameacha karatasi za wazungu kwa kumheshimu mzee wangu?"

Nikasema ndiyo, mama.

"Na hakumwambia mtu?"

Hakumwambia mtu.

Akajifunika uso kwa leso. Mabega yakatikisika, nikadhani anacheka kama nilivyocheka mimi. Alicheka kweli, lakini si mpaka mwisho.

Alipotulia alinisimulia kitu ambacho sikukijua. Mzee siku ya kwanza shuleni alikwenda akiitwa Nyakundi. Mwalimu wa misheni alikuwa na kitabu chenye picha ya mzungu mwenye nywele nyeupe. Akamwonyesha kidole: wewe kuanzia leo ni huyu. Hakuulizwa, naye hakujua kusoma hata ajue amepewa nini. Niliwakumbuka wale watu wa Mwalimu Anyona. Sisemi ni sawasawa, yetu ilikuwa picha na yao ilikuwa minyororo. Lakini nilistaajabu jina moja lilivyozunguka dunia hadi likaja kukufunga ulimi wewe.

"Mwambie alitaje," mama akasema. "La nyumbani ni Nyakundi, hilo aendelee kulihifadhi. Hilo la kitabuni ni la wenyewe, awarudishie wakimwuliza."

Basi umefunguliwa. Mwenye mji amesema, na mimi ni shahidi. Oktoba utakwenda, utamtazama yule mzee machoni, utasema kwa sauti ya kupokea wimbo shambani.

Ila mama ameweka sharti. Kabla hujamwambia yule afisa, umwambie yeye. Jumapili ya tarehe 28, saa tisa alasiri kwetu, ambayo ni saa moja asubuhi kwenu, nitakuwa naye Nyamache nimeshika simu. Utalitaja jina la mzee, yeye akisikia.

Nilidhani anataka kukubariki tu. Kumbe kuna jingine. Yeye kama mke hakulitamka maisha yake yote. Wana wanasema tata, wajukuu wanasema sokoro, na wale wazee wenzake waliokuwa wakilipaza kutoka barabarani kumwita wamelala wote. Ni miaka sita hajasikia mtu akilitaja. Niliposikia hivyo nikajitolea nilitaje mimi hapo hapo, kwa kuwa mimi halinifungi. Akanishika mkono.

"Si wewe," akasema. "Nataka nilisikie kwa yule aliyelitunza."

Basi Jumapili hiyo, mdogo wangu, shika simu.

Msalimie Nyamongo, na umweleze sasa, asiendelee kukuhesabu msahaulifu. Mama, Obwocha na Cynthia wanakusalimu, na Edinah anataka kujua kama huko kuna mtu anayechuma chai. Niombee Novemba, nami nitakuombea Oktoba. Mungu aliyemfungulia punda wa Balaamu kinywa hatashindwa na chako.

Ni mimi dadako na mwanafunzi wako wa kwanza, akupendaye bila kipimo,

Drusilla.