Shata la Jikoni kwa Baba

Lindenhof 6,
Chemnitz.
27 Januari 2024

Mpendwa mdogo wangu Falk,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu, theluji imefika magotini. U hali gani? Wifi yangu Maren hajambo? Na mwanao Jonte, lile jino la mbele limeshaota? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio haujatulia. Baba alirudi nyumbani kutoka hospitali wiki iliyopita. Nyonga inaunga, anatembea na kigari chake cha kuegemea, ila amekonda na kikombe anakishika kwa mikono miwili.

Usishangae kupata bahasha yenye stempu zama hizi. Ni amri ya Baba. Kaniambia, “Habari za mwili wangu hazipiti kwenye simu. Andika, funga, peleka posta.” Unamjua alivyo, nimetii.

Siku ile uliponipigia uliuliza kwa hasira: mtu anaanguka bafuni alfajiri, analala sakafuni mpaka nifike mimi na mikate ya jioni, majirani walikuwa wapi? Siku ile nilikuwa sijui. Sasa najua, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika upya.

Tangu Mama atutoke, Baba hana kazi nyingine ila ile dashibodi yake ya nyumba. Wewe uliiona ilipokuwa kishikwambi kikuukuu kilichobandikwa ukutani jikoni, na vitufe viwili vitatu. Siku hizi taa, joto la vyumba, kengele ya mlango na mashata ya madirisha, yale ya kushushwa usiku na kupandishwa asubuhi, vyote anaviongoza pale. Kila ukurasa ameupanga kwa kadiri ya macho yake: herufi kubwa, rangi azipendazo. Taa ya kusomea ya Mama hakuiandika jina, ameiwekea picha ya miwani yake. Akili ya yote hayo imo kwenye kikompyuta kidogo nyuma ya makopo ya unga, na hakuna neno linalotoka nje ya kuta zile. Hata intaneti ikikatika, nyumba haina habari. Anajivunia hilo kuliko anavyojivunia mimi na wewe.

Bi Lohse wa ng'ambo ya barabara hukosi kumkumbuka. Mtaani kwetu hatugongeani milango kila kukicha, tunaangaliana kwa mashata. Likipanda, mtu kaamka salama. Lisipopanda, Bi Lohse anavaa viatu. Sasa, vuli iliyopita Baba alipitiwa na usingizi mpaka saa nne, na alipofumbua macho Bi Lohse alikuwa amesimama chumbani na ufunguo wa akiba, nyuma yake yule bwana wa ghorofa ya chini. Baba mwilini alikuwa na soksi tu.

Aibu ile haikumtoka. Bila kumwambia mtu, akaiongezea dashibodi amri moja: kila siku saa moja asubuhi, mashata yapande yenyewe.

Siku aliyoanguka yalipanda kama kawaida. Bi Lohse akatazama, akaridhika, akajimiminia kahawa. Baba, sakafuni, aliyasikia. Ameniambia kwamba maumivu hayakumliza. Kilichomliza ni mlio wa shata kupanda, maana alijua papo hapo kwamba hakuna atakayekuja. Nililia mbele yake, Falk, sikuweza kujizuia.

Bi Lohse aliposikia alikuja hospitali na keki, akaitua mezani kwa kishindo.

“Jirani! Miaka yote hii nakuangalia wewe, kumbe naangalia mashine!”

“Punguza sauti, watu wamelala.”

“Na waamke! Uliniona mbea, sivyo? Umbea wangu ungekuinua sakafuni kabla kahawa haijapoa!”

Baba akala keki.

Kifurushi chako nacho kimefika. Kamera nne, na karatasi inayotaka jina la Baba, namba yake ya simu na siku aliyozaliwa kabla hazijawaka. Najua umezituma kwa mapenzi, na najua uchungu wa kuwa mbali. Lakini maneno uliyoyaandika ndani yake yameniuma: kamera zifungwe, la sivyo utaiuza nyumba na yeye ahamie makao ya wazee. Nyumba ni yako kwa hati, Baba analijua hilo, na usiku hapati usingizi kwa ajili ya hilo.

Unajua pia alikolelewa, chini ya serikali iliyowapeleleza raia wake. Barua za Bibi zilikuwa zikimfikia zimeshafunguliwa kwa mvuke na kugandishwa tena, na ndani hamna siri yoyote, habari za kabichi tu. Alipoliona boksi alisema, “Grit, wale walituangalia bila kutuuliza. Huyu wangu wa kumzaa anataka nijiandikishe mwenyewe?”

“Kwa hiyo ufie sakafuni, Baba?” nikamjibu. Nilisema kwa ukali, na sijutii.

Kisha akaniomba nimsogezee kiti jikoni, mbele ya dashibodi, akashinda pale mchana kutwa. Ile amri ya saa moja akaifuta. Mahali pake ameweka kitufe kimoja kikubwa cha manjano chenye picha ya viatu vya Bi Lohse. Shata la jikoni halipandi tena mpaka akibonyeze yeye kwa mkono wake. Bafuni nako ameniagiza nifunge swichi chini kabisa, karibu na sakafu, ya kuwasha taa nyekundu katika dirisha linaloelekea kwa Bi Lohse.

Asubuhi ya kwanza nilikwenda kukaa kwa Bi Lohse dirishani. Saa moja ikapita, shata liko chini. Ikafika saa moja na nusu. Bi Lohse akafunga kamba za viatu. Alikuwa ameshashika kitasa shata lilipopanda kiasi cha shibiri, likasimama, likapanda tena, likasimama, mwishowe likafika juu. Baba akaonekana na pajama zake, ametuinulia kikombe.

“Mzee mkorofi huyu,” akasema Bi Lohse. “Anaringa makusudi!” Akaketi na viatu vyake, akajifuta macho.

Sikufichi, bado naogopa. Kitufe hakimzuii mtu kuanguka, na kila jioni nikimwacha peke yake moyo wangu unabaki ngazini kwake. Iko asubuhi ambayo shata lile halitapanda. Lakini sasa likipanda, ni yeye.

Nakusihi, mdogo wangu, usiiuze nyumba. Kamera zako nimezifungasha kama zilivyokuja. Baba anasema ukitaka kumwangalia, njoo. Kwa Bi Lohse kuna kiti cha pili dirishani.

Nisalimie Maren, na Jonte umbusu kwa niaba ya shangazi yake. Shangazi yetu Irmgard anawasalimu. Bi Lohse naye anakusalimu, ingawa lile swali lako la majirani bado hajakusamehe. Mungu awakinge na baridi ya huko, na atukutanishe Baba angali anabonyeza.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokugombeza,
Grit