Asubuhi ya Kambale

Butembo, commune ya Vulamba
Jumatatu, baada ya kazi

Papa wangu,

Nakusalimia na mikono yote mbili, vile ulitufundisha kusalimia mukubwa. Magoti inaendelea namna gani? Ile dawa ya kupakaa nilituma inakusaidia, ao unaificha chini ya kitanda sawa ile ya mwaka jana? Na Mama, presha yake imeshuka? Mimi niko na afya. Ni baridi ya huku tu inanitesa. Asubuhi ukungu inaingia mpaka ndani ya kikombe ya chai, na batu ba Butembo banacheka kuona mutu ya Kindu anatetemeka na masweta mbili.

Nakuandikia ku karatasi juu sitaki simu. Unajua vile iko kwetu: simu yako ikilia, mudogo wetu Yuma anaweka haut-parleur, na parcelle yote inasikiliza, mpaka jirani. Maneno ya leo ni yako peke yako. Collègue wangu Chantal anapanda ndege kesho pale Mavivi, anapitia Kisangani mpaka Kindu, atakupa hii barua mu mukono. Vaa miwani na uisome polepole.

Kazi iko. Kila asubuhi niko ku abattoir, naangaria ng'ombe za Lubero mbele zichinjwe, kisha napiga tampon ya wino juu ya nyama. Bamama ba soko bananiita Mama Tampon, na wakati nakataa nyama mbovu banabadirisha jina, sitakuandikia ile ingine. Mushahara inachelewa, barabara ya Beni si ya kuchezea, lakini tunaishi. Mungu eko.

Sikukuambia bado: siku nilifika Mavivi, mawingu ilikuwa imefunguka, na niliuona, Papa. Ule mulima ya hadithi zako, yenye barafu juu. Ilikuwa pale kabisa, nyeupe, mbali, sawa kitu unaota na unaogopa kuamuka. Nilisimama na valise mukononi. Musoda mumoja mwenye bunduki akaniambia, "Mwana mboka, songa, unafunga njia." Nilisonga miguu tu. Moyo ilibakia pale, niko tena mutoto ya miaka saba, nimelala juu ya mukeka pembeni yako, na wewe unatupigia hadithi ya safari zako.

Ah, zile safari! Bazungu banatoka ng'ambo ya bahari na masanduku sijui ngapi, na beseni ya turubai ya kuogea mu pori, na gramofoni inaimba kati ya majani na viboko vinajibu mutoni. Muzungu mumoja analipa permis ya kuua tembo moja bei ya nyumba ya matofali! Ulikuwaka unaitaja ile bei na kiburi, utasema ni wewe ulilipa. Wewe ulikuwa pisteur, mutu ya mbele, mwenye kusoma nyayo: hii ni ya jana, umande imeshakauka ndani, hii ni ya sasa, jani bado inajinyoosha. Nyuma yako muzungu. Nyuma ya muzungu rafiki yako Kambale, mubeba bunduki ya pili. Kambale mwenye alichezaka na debe ya petroli juu ya kichwa, asimwage hata tone. Kambale mwenye aliigaka kukoroma ya muzungu mpaka muzungu mwenyewe akacheka. Sisi batoto tulimupenda Kambale kupita hata tembo.

Na kila mara hadithi ilifika ku muto ya Semliki. "Tukavuka muto, majani ilikuwa inapita kichwa." Kisha unanyamaza, unakohoa kidogo. "Basi, mulale." Hatukuuliza kitu. Mutoto anaona tu usingizi.

Wakati nilipata affectation ya kazi ya huku, ulinipa samaki kavu ya Lualaba, ukaniambia, "Upeleke kwa Kambale, Musienene." Hukusema kama eko muzima. Ni mimi nilijisemea ile.

Basi, siku ya soko nikachukua motard, pikipiki ya kukodi, mpaka Musienene. Nikasimama kati ya mifuko ya viazi na maharagi, nikamusogelea muzee mumoja. "Samahani Papa, namutafuta Kambale." Akaniangaria. "Ni mimi." Jirani yake akanyanyua mukono: "Na mimi." Fundi wa viatu akaita toka kule, "Na mimi iko hapa!" Bamama bakaangua kicheko. Mumoja alishika tumbo na mikono mbili: "Mutoto ya mama! Huku kila mwanaume mwenye kuzaliwa wa pili ni Kambale! Unatafuta mutu ao unatafuta taifa?" Nilicheka na bo mpaka machozi. We Papa, umekaa huku miaka yote ile, haukuweza hata kunionya?

Nikasema: "Ni Kambale mwenye alitembeaka na bazungu ba kuwinda." Kicheko ikakatika. Muzee akaweka debe yake chini. "Na wewe uko mutoto ya nani?" Nikajibu: ya pisteur wa Maniema. Akapangusa mikono ku suruali, akaacha viazi yake kwa jirani, akanipeleka. Njia yote hakusema neno, na mimi, mujinga, nilifikiri ni kilima inamukata pumzi.

Tulifika ku nyumba moja nyuma ya mikaratusi, maharagi imetandikwa inje mu lupango juu ya bashi ya plastiki. Mama muzee alikuwa anachagua mawe ndani ya maharagi. Jina yake ni Masika. Yule muzee akamuambia maneno mingi mu Kinande, kisha akatuacha. Mama Masika aliangaria kwanza miguu yangu, kisha uso. Akapokea samaki, akainusa, akasema "Wasingya", maana yake aksanti. Akanipa kiti na viazi ya kuchemsha na chumvi pembeni.

Nikamuuliza, "Papa Kambale anarudia saa ngapi?"

Papa, nilimuuliza ile. Na mudomo yangu yenye kujaa viazi.

Akarudisha macho ku maharagi. "Baba yako alikuwa anabaambia nini juu ya bwana yangu?"

Nikafikiri tunamungojea pamoja. Basi nikaanza. Nilimupigia zote, Papa, vile ulikuwa unatupigia, na sauti yako, na mikono yako. Beseni ya turubai. Gramofoni. Debe ya petroli: pale akaacha maharagi. "Kambale alicheza? Na debe?" Nikasimama nikamuonyesha. Akacheka kicheko ya musichana, akafunika mudomo na kitenge. "Hapa nyumbani hakuchezaka hata siku moja! Alikuwa mutu ya haya!" Akaniomba: "Onyesha tena." Nikaonyesha tena. Jua ilikuwa inatoka kidogo mu ukungu, mimi nacheza na sahani juu ya kichwa mbele ya mwanamuke sikujua jina yake asubuhi ile, na nilikuwa na furaha, Papa, nilisikia sawa niko kwetu.

Kisha nikafika ku Semliki. Tukavuka muto, majani ilikuwa inapita kichwa. Nikanyamaza.

"Endelea," akasema.

"Inaishia pale, Mama."

"Hapana. Haikuishia pale."

Akaniambia yeye mwenyewe, bila kunyanyua sauti. Mbogo ilimuua Kambale ng'ambo ya ule muto. Wakati ule Mama Masika alikuwa na mimba ya binti yake Biira. Chauffeur wa bazungu alikuja na camion, hakuzima hata moteur, akashusha bulangeti na mufuko ya chumvi, akasema, "Bwana yako amekufa, nyama ya pori imemupiga," akaenda. Bulangeti na chumvi. Na muzungu akarudia kwao na pembe zake.

"Sisi bake ba bawindaji tuko na desturi," akaniambia. "Kama pori inakula mutu, ule mwenye alitangulia njia ndiye analeta habari. Anavua viatu ku mulango, anakaa chini, anasimulia siku yote, toka asubuhi mpaka saa yenyewe. Mujane anasikiliza, kisha anamupa maji ya kunywa. Basi, imeisha, hakuna kisasi. Mimi niliweka maji. Kila siku nilimwaga ya jana, nikaweka ingine. Batu balilia kilio yabo bakamaliza, mimi nilikuwa nangojea baba yako."

Nilipiga magoti. Nikamuomba samahani mu jina yako. Akanishika mukono, akaninyanyua.

"Hapana, mutoto wangu. Wewe haukukuwa kule. Na mimi sitafuti mwenye kosa, mbogo haitumwi na mutu. Nataka asubuhi yake. Alikula? Alikuwa na baridi? Alisema jina yangu, ao balizungumuza nyama tu? Namuotaka mpaka leo. Anatembea mbele yangu na shati ya kaki, namuita, hageuki."

Nimerudia Butembo na ile maneno ndani ya tumbo. Sitakudanganya, Papa: nilikukasirikia. Siku mbili nilipiga tampon bila kuona ni nyama gani. Nilikuwa nasema peke yangu mu njia. Sisi ulitupa Kambale wa kucheka na wa kucheza, tukalala vizuri. Bibi yake ulimuachia chauffeur mwenye haraka.

Kisha kasirani ikapungua, nikafikiri ule mutu mwenye alivuka Semliki. Alikuwa kijana sawa Yuma! Yuma ule mwenye anaogopa hata kutuambia amekosa examen! Ulimuona rafiki yako mu majani, na pengine ni wewe ulisoma nyayo, na pengine ulisoma vibaya. Sijui. Ao ulisoma vizuri na muzungu hakusikia. Ulipanda gari ya kwanza ya kurudia Maniema. Naelewa woga, mimi pia niko nayo. Lakini miaka hii yote, Papa?

Na unajua kitu gani inaniumiza zaidi? Zile safari ningali nazipenda. Ukungu ikifunguka hapa Vulamba, naangaria upande wa mashariki, nasikia gramofoni. Siwezi kuitoa mu kichwa, na sitaki. Ile tu najua sasa ni kama permis ya muzungu haikulipa yote. Kulikuwa bei ingine, na Mama Masika ndiye aliilipa, na hakuna mutu alimuuliza kama anaweza.

Mimi na Mama Masika tumepatana hivi. Jumapili atashuka Butembo kwa misa na binti yake Biira, kisha atakuja kwangu. Saa nane ya muchana nitapiga simu. Yuma akupe telefone halafu atoke inje, na haut-parleur hapana. Chantal atamuambia, mimi pia nitamukumbusha. Uanze na asubuhi. Hapana kuanza na mbogo. Sema mulikula nini, nani aliwasha moto, Kambale alikuwa anasema nini wakati anafunga viatu. Kama muto ilikuwa baridi, sema. Kama ulikosea nyayo, sema vilevile, yeye si mutoto muchanga. Hata kama ulikimbia, sema ulikimbia mpaka wapi. Ukimaliza, atanipa maji, nitakunywa mu pahali yako.

Usimuahidi kitu, na usimutumie kitu. Nilimuuliza kama anahitaji chochote, akanikasirikia.

Unisalimie Mama, apunguze chumvi, ni munganga wa nyama anasema. Unisalimie yaya Bernadette mukubwa wetu na bwana yake mwalimu, na mapacha babo, bangali banapigana? Tantine Espérance dada yako, umuambie ile sabuni alinipa ya safari imeisha jana, nilikuwa naiogea na huruma. Yuma, umuambie asome, na kama amekosa tena akuambie, hautamukula. Bajirani bote, na Baba Abbé, padri wa parwasi, mwenye alinibariki nikienda.

Nakupenda, Papa. Ni kwa ile nimeandika yote bila kukata kitu.

Mama Masika anasema hatalia. Mimi namuona, simuamini. Jumapili, hata ukimusikia analia, hapana kukata simu.

Mutoto wako,
Feza